Gramu Moja kwa Tani Mia: Uzamili wa Kemia Unaopitia Kiwandani

Nimeombwa nizungumzie shahada ya uzamili ya kemia ambayo mwanafunzi wake hukaa miezi mingi kiwandani kabla ya kuvaa joho. Msimamo wangu nautoa mapema, ili asiyekubaliana nami ajue pa kunikabili: miezi hiyo ya kiwandani ni sehemu ya kemia yenyewe, na ifundishwe na kutahiniwa hivyo. Ipo kemia ambayo haifundishiki mezani pa maabara ya chuo, hata mwalimu awe hodari vipi, kwa sababu humo haitokei. Hutokea pale vitu vinapokuwa vingi, vichafu, vya moto, na vinapotakiwa kesho asubuhi.

Nitaanzia mahali ambapo jambo hili lilijitokeza wazi kuliko popote ninapopajua. Tarehe 2 Julai 1909, mjini Karlsruhe, Ujerumani, Fritz Haber aliwaonyesha wageni kutoka kampuni ya BASF mtambo mdogo wa mezani. Ndani yake naitrojeni na haidrojeni vilipitishwa juu ya kichocheo cha osmiamu, kwenye joto la nyuzi zaidi ya 500 na mgandamizo mkubwa sana, na amonia ikachuruzika tone baada ya tone. Mwanzoni mtambo ulivuja. Carl Bosch, mmoja wa wale wageni, aliondoka kabla haujatengemaa. Mwenzake Alwin Mittasch akabaki, akaiona amonia ikitoka kwa macho yake. Madarasani kwetu hadithi huishia hapo. Tunaandika mlinganyo ubaoni, tunataja jina la Haber, tunaingia mada nyingine.

Kumbe kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Osmiamu ni adimu mno. Hata ingekusanywa yote iliyojulikana wakati ule, isingeweza kulisha viwanda vya mbolea vya dunia. Mittasch na wasaidizi wake wakafanya majaribio kwa maelfu, kichocheo kimoja baada ya kingine, na kati ya sampuli zilizowashangaza kulikuwa na mawe ya chuma kutoka Gällivare, kaskazini mwa Uswidi. Chuma safi cha maabara kilikuwa kimewapa matokeo dhaifu. Mawe yale machafu yakafanya vizuri. Wakaufuatilia uchafu wenyewe hatua kwa hatua, hadi wakapata kichocheo cha chuma kilichochanganywa kwa makusudi na viwango vidogo vya oksaidi za alumini na potasiamu. Sisi tunamfundisha mwanafunzi aondoe uchafu kwanza ndipo aanze jaribio, na ni sawa kumfundisha hivyo. Mittasch alilazimika kwenda hatua moja mbele, aulize uchafu ule unafanya kazi gani.

Kisha vyombo vikaanza kupasuka. Vilikuwa vya feleji nene, vimejengwa kwa ajili ya mgandamizo ule, na vilidumu kama saa 80 tu. Wahusika walijua hatari, ndiyo maana walivizungushia kuta za zege. Mtu mwingine angeagiza feleji nene zaidi. Bosch alikata chombo kilichopasuka, akaung'arisha mkato wake, akautazama kwa hadubini. Aliona kwamba upande wa ndani feleji haikuwa feleji tena: haidrojeni ya moto ilikuwa imepenya ndani ya chuma na kuinyang'anya kaboni, na kaboni ndiyo inayoipa feleji nguvu yake. Kuongeza unene kungeahirisha tu siku ya kupasuka. Jawabu alilolipata lilikuwa la kushangaza kwa urahisi wake. Ndani aliweka bomba la chuma laini chenye kaboni kidogo, ambalo halikutegemewa kubeba mgandamizo. Nje akalivika bomba la feleji lenye nguvu, na lile la nje akalitoboa matundu madogo ili haidrojeni kidogo iliyopenya ipate pa kutokea bila kudhuru. Kiwanda cha Oppau kikaanza kuzalisha amonia mwaka 1913.

Alijuaje kumtafuta mwizi ndani ya chuma? Bosch alikuwa mkemia mwenye shahada ya udaktari kutoka Leipzig, aliyoipata mwaka 1898. Lakini kabla ya kemia alisomea uhandisi wa mitambo na uyeyushaji wa madini huko Charlottenburg, na kabla ya hapo, alipomaliza tu sekondari mwaka 1893, alikaa kama mwanagenzi katika kiwanda cha chuma huko Silesia. Alikuwa ameshika chuma kwa mikono yake kabla hajashika bureti. Siwezi kuthibitisha kuwa bila uanagenzi ule asingepata jawabu, ila najua kwamba darasa la kemia ya gesi peke yake lisingempa sababu ya kuchukua msumeno na hadubini. Haber alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918, Bosch akapewa ya 1931, na hiyo ya pili ilitolewa kwa ajili ya kazi hasa ya kuendeleza mbinu za kemia kwenye mgandamizo mkubwa. Kamati ile ilitambua kwamba kukifikisha kitu kiwandani ni ugunduzi kamili.

Nikimsifu Bosch sitaki nifiche upande wa pili. Amonia ya Oppau ililisha mashamba, ikalisha pia baruti za Vita Kuu ya Kwanza. Na tarehe 21 Septemba 1921, pale pale Oppau, rundo la mbolea ya salfeti na naitreti ya amonia lililoganda ghalani lililipuka, likaua zaidi ya watu 500. Wafanyakazi walikuwa na desturi ya kulivunja gando lile kwa baruti ndogo, na walikuwa wamefanya hivyo mara nyingi sana bila ajali. Mazoea ya kiwandani nayo huua. Mwanafunzi tunayempeleka huko lazima aende na maswali ya chuo mfukoni, awe na haki ya kuyauliza, na apate mtu wa kumsikiliza.

Hapo ndipo ninapofika kwenye suala la ukubwa, ambalo kwangu ndilo kiini. Tarehe 19 Desemba 2007, mjini Jacksonville, jimbo la Florida, kampuni ndogo iitwayo T2 Laboratories ilikuwa inatengeneza kiungo cha petroli chenye manganizi. Ilianza kwa kuchanganya sodiamu na vimiminika vya kikaboni ndani ya chombo kikubwa cha galoni 2,450. Mmenyuko ule hutoa joto, na joto lilitakiwa liondolewe kwa maji yaliyozunguka ukuta wa chombo. Kundi la siku hiyo lilikuwa la 175. Makundi yaliyotangulia yalikuwa yamewapa watu imani. Siku hiyo upoozaji haukufanya kazi, joto likapanda, na lilipopita kiwango fulani mmenyuko wa pili, wa sodiamu na kiyeyushi chenyewe, ukashika kasi. Watu wanne walikufa, akiwemo mmoja wa wamiliki, na 32 wakajeruhiwa. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilieleza kwamba wamiliki, ambao walikuwa watu waliosomea fani hizi hizi, hawakuitambua hatari ya mmenyuko kutoroka. Kati ya mapendekezo yake, bodi ilitaka hatari hiyo iingizwe katika mitaala ya shahada ya uhandisi wa kemikali.

Tufanye hesabu pamoja, maana haihitaji zaidi ya kalamu. Galoni 2,450 ni kama lita 9,270. Chukua chupa ya lita moja, uikuze kila upande mara 21. Ujazo wake unakuwa zaidi ya lita 9,200. Eneo la ukuta wake, ambapo ndipo joto linapotokea, limeongezeka mara 441 tu. Kwa hiyo kila lita ndani ya chombo kile kikubwa ina sehemu ndogo ya ukuta, ndogo mara 21 kuliko ya ile lita moja iliyokuwa peke yake mezani. Joto linazaliwa kwa ujazo na linaondoka kwa ukuta. Mwanafunzi wangu wa uzamili anaweza kuandika ukurasa mzima wa mwendo wa elektroni katika mmenyuko fulani na asijue kwamba mmenyuko huo huo, salama kabisa kwenye chupa yake, unaweza kubomoa jengo. Simlaumu. Chupa yake haijawahi kumpa sababu ya kuogopa. Hesabu hii naweza kumfundisha ubaoni kwa dakika kumi, na huwa namfundisha. Ila mtu aliyesimama kando ya chombo cha lita 9,000, akaona mshale wa kipimajoto unapanda na vali ya maji imeshafunguliwa hadi mwisho, hataihitaji tena kwenye daftari.

Jambo la pili ambalo chuo hakina ni sampuli ya kweli. Twende kwenye kiwanda cha saruji, kwa sababu vipo vingi hapa kwetu: Wazo, Tanga na Mbeya kwa upande wa Tanzania, Bamburi na Athi River kwa upande wa Kenya, Hima kule Uganda. Mawe ya chokaa na udongo husagwa, huchomwa kwenye tanuri refu linalozunguka hadi nyuzi 1,450 hivi, na kinachotoka ni klinka, vidonge vigumu vya kijivu cheusi, ambavyo husagwa pamoja na jasi kidogo vikawa saruji. Swali moja linaloulizwa usiku na mchana ni hili: ni kiasi gani cha chokaa hakikuungana na kitu chochote humo tanurini? Ikibaki nyingi, italala ndani ya saruji, kisha baada ya ukuta kujengwa itanyonya unyevu polepole, itatanuka, na kupasua zege.

Sasa mtazame mwanafunzi aliye zamu ya usiku. Ni saa nane. Analetewa kopo la klinka ya moto, anaiacha ipoe, anaisaga hadi iwe unga laini, anapima gramu moja. Anaiweka kwenye chupa pamoja na ethilini glaikoli, anaiegesha kwenye maji ya moto, anatikisa kila baada ya dakika chache kwa muda wa nusu saa. Anachuja. Anadondoshea asidi kutoka kwenye bureti hadi rangi igeuke. Anapiga hesabu: asilimia 2.6. Saa iliyopita ilikuwa 1.1. Mpaka hapa kila kitu alikisoma mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza. Kinachofuata hakukisoma popote. Tanuri linalotoa tani 2,400 kwa siku hutoa tani 100 kwa saa, na gramu moja aliyoipima inasemea gramu milioni 100. Akipiga simu chumba cha mitambo, wataongeza moto. Mafuta au makaa yatateketea, na moto ukizidi unaweza kuchakaza matofali ya tanuri. Asipopiga, na kipimo ni cha kweli, tani 100 nyingine za klinka mbaya zitamwagika ghalani kabla ya sampuli ijayo. Je, ni tanuri lililoharibika au ni kopo?

Mama aliyezoea maabara ile kwa miaka anamwuliza swali moja tu: "Umechota wapi, mwanangu?" Kijana anasema amechukua mahali pamoja, pembeni mwa kipoozeo. Mama anamweleza kuwa saa zile ukoko wa ukutani mwa tanuri huweza kuanguka, ukapita ukiwa haujaiva, na ukiuchota huo utadhani dunia imeharibika. Wanarudi wote wawili na kopo jingine. Wanachota mahali pengi, kidogo kidogo, wanachanganya, wanaligawa fungu sehemu nne, wanatupa mafungu mawili ya pembe zinazotazamana, wanachanganya yaliyobaki, wanagawa tena. Kipimo cha pili kinatoka 1.4. Hakuna aliyepiga simu. Kijana anaandika vipimo vyote viwili kwenye daftari la zamu, pamoja na maelezo, kwa sababu atakayeingia asubuhi ana haki ya kujua kwamba kile cha kwanza kilikuwepo.

Katika somo hilo moja kuna takwimu, kuna maadili ya kuandika matokeo, kuna kemia ya tanuri, na kuna adabu ya kumsikiliza asiye na shahada anayejua zaidi yako. Hilo la mwisho nalisisitiza. Vyuo vyetu huzalisha vijana wanaojua kuheshimu maprofesa, na hiyo ni tabia njema. Kiwandani mwalimu wao atakuwa fundi wa vali, mama wa maabara, au mzee anayejua kwa sauti kwamba pampu inakaribia kukata. Asiyejua kujifunza kwa hao atapita miezi yake yote na kutoka mtupu.

Huko nje wapo waliolipanga jambo hili kwa makini. Chuo Kikuu cha Oregon, mjini Eugene, Marekani, kimekuwa na mpango wa namna hii tangu mwaka 1998. Mwanafunzi wa uzamili huanza na masomo mazito ya kiangazi kwenye tawi alilochagua, mathalani polima au nusu-vipitishi, yaliyopangwa kwa kufuata mahitaji ya kazi yenyewe, halafu huenda kampuni kwa miezi tisa, analipwa mshahara, na miezi hiyo inahesabiwa kwenye shahada. Siutaji kwa sababu ni wa Marekani. Nautaja kwa sababu ya ile miezi tisa. Miezi miwili ya kwanza mahali pa kazi mtu hujifunza njia za kupita, majina ya vifaa na sheria za usalama. Akiondolewa hapo, kiwanda kimepata hasara na yeye ameona majengo. Tija huanza mwezi wa tatu au wa nne, anapoanza kuuliza maswali yanayowasumbua wenyeji.

Ufaransa nako shule za uhandisi wa kemia zimezoea kumweka mwanafunzi kiwandani kwa muda mrefu katikati ya masomo. Mmoja wa waliopita shule ya kemia ya viwandani ya Lyon, Yves Chauvin, alimaliza mwaka 1954 na hakuwahi kusoma shahada ya udaktari. Alianzia kazi kiwandani, akahamia Taasisi ya Mafuta ya Ufaransa, na mwaka 1971 akachapisha maelezo ya jinsi molekuli mbili zenye viungo maradufu zinavyobadilishana vipande vyake kwa msaada wa metali. Mwaka 2005 akapata Nobel. Namtaja kwa ajili ya wale wanaonong'ona kwamba kemia ya kiwandani ni ya waliokosa akili ya nadharia.

Na sisi je? Tuna fildi. Wanafunzi wetu wa shahada ya kwanza huenda fildi kwa wiki chache za likizo ndefu, Wakenya husema wameenda atachimenti, na wengi hurudi na kitabu cha kumbukumbu kilichogongwa mhuri kila Ijumaa. Nimevisoma vitabu hivyo. Wapo waliojifunza mengi, lakini wapo pia waliotumwa chai, waliopanga mafaili, waliokaa getini wakisubiri msimamizi aliyekuwa safarini. Kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, kiliwapa vijana kazi ya kubandika lebo kwa muda wote waliokuwepo. Kisha mwanafunzi akiingia uzamili, ngazi ambayo angeweza kweli kukisaidia kiwanda, hata hiyo fildi inakoma. Anasoma kozi, anaandika tasnifu, mara nyingi juu ya dondoo za majani na mizizi, anatunukiwa, kisha anaanza kuzunguka na bahasha. Sina ugomvi na majani na mizizi. Kazi nzuri sana imefanyika humo. Ugomvi wangu ni kwamba njia hiyo imekuwa karibu ndiyo njia pekee.

Maswali ya viwandani yapo, yanatusubiri. Huko Wawi, kisiwani Pemba, kuna kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo ya karafuu kwa mvuke. Mafuta ya makonyo, ya majani na ya karafuu yenyewe hayafanani: yote yana yujenoli kwa wingi, ila viwango vya vitu vingine vilivyomo hutofautiana, na mnunuzi wa manukato huvijali. Mvuke unapopita kwenye makonyo, kinachotoka saa ya kwanza si sawa na kinachotoka saa za mwisho, na kila saa ya ziada inakula kuni. Mwanafunzi wa uzamili mwenye kromatografia ya gesi angeweza kukaa msimu mzima wa mavuno na kujibu swali moja: ni saa ngapi ya kuzima moto, kwa makonyo ya unyevu gani? Kule Mafinga kwenye pareto, maua yakikaushwa vibaya, kwa jua kali au joto lililozidi, dawa ya kuua wadudu iliyomo huharibika kabla ya kufika kiwandani. Mkulima hulipwa kulingana na dawa hiyo, kwa hiyo kemia hapo ni pesa ya mtu mwenye jembe. Ziwani Magadi, Kenya, ambako magadi yamekuwa yakichimbwa kibiashara tangu mwaka 1911, kuna floridi iliyochanganyika nayo, na kuitenganisha kwa gharama inayovumilika ni swali linaloweza kulea tasnifu nyingi. Minjingu, mkoani Manyara, kuna fosfeti inayoyeyuka kwa viwango tofauti kutegemea uchachu wa udongo wa shamba. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji tungojee vifaa kutoka mbali.

Niseme sasa juu ya masharti, maana wazo zuri lisilo na masharti huishia kwenye warsha na picha ya pamoja.

Mshahara ndio wa kwanza. Mtoto wa mkulima hawezi kukaa miezi tisa Tanga au Mbeya bila kodi ya chumba na nauli, na tukisema ajitegemee tutakuwa tumechagua wenye wazazi wenye uwezo. Kiwanda kilipe posho ya kueleweka, na Serikali ichangie. Waajiri wetu tayari wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi; ni haki kuuliza kama sehemu yake inaweza kuifikia kazi hii, kwa kuwa nayo ni ufundi stadi. Pamoja na posho iende bima ya ajali, na viatu, miwani na barakoa zinazomtosha, wasichana wakiwemo. Nimeona mabinti wakipewa viatu vya usalama vinavyowavuka mguu kwa namba tatu, wakivijaza matambara. Binti huyo akijikwaa ngazini tumemjeruhi sisi. Na apewe usafiri wa zamu ya usiku. Sitamshauri mzazi yeyote amwachie binti yake ajitafutie bodaboda saa nane za usiku ili chuo kipate kusema kina ushirikiano na viwanda.

Siri ya biashara ni suala gumu zaidi, na hapa naomba wageni wetu wa viwandani wanisikilize kwa uvumilivu. Mnaogopa mwanafunzi ataandika mapishi yenu kwenye tasnifu itakayosomwa na mshindani. Hofu hiyo ina msingi. Lakini chuo nacho hakiwezi kutoa shahada kwa kazi ambayo hakuna anayeruhusiwa kuiona. Pendekezo langu ni tasnifu ya vipande viwili. Kipande cha wazi kibebe swali, mbinu, na matokeo yaliyoandikwa kwa uwiano, bila tarakimu za uzalishaji. Kiambatisho kibebe tarakimu hizo, kisomwe na watahini waliotia saini, na kifungwe kwa muda mtakaokubaliana tangu siku ya kwanza. Muda huo uwe na mwisho. Maarifa yaliyofungwa milele tumeyalipia bure.

Usimamizi uwe wa watu wawili, mmoja wa chuo na mmoja wa kiwanda, na huyu wa kiwanda apewe muda wa kazi hiyo na mwajiri wake, si baada ya saa za kazi akiwa amechoka. Mhadhiri naye aende kiwandani. Naona haya kusema kwamba wengi wetu tunaofundisha kemia ya viwandani hatujakanyaga sakafu ya kiwanda kwa miaka, na wengine hawajakanyaga kabisa. Kumtembelea mwanafunzi kila mwezi kutatusaidia sisi kama kunavyomsaidia yeye. Tutarudi na mifano mipya, na baadhi ya mada tunazozishikilia zitaanguka zenyewe.

Halafu mtihani. Nataka kwenye utetezi wa tasnifu akae mtu wa kiwanda mwenye kura, na nataka mwanafunzi aulizwe: ulipoambiwa na kipimo kwamba kuna tatizo, ulifanya nini kabla ya kumwambia mtu? Aonyeshe daftari la zamu. Wapo wenzangu watakaosema hii inashusha hadhi ya shahada. Mwaka 1824, Justus Liebig alipokwenda kufundisha Giessen na kuanza kuwaweka wanafunzi wenyewe mbele ya mizani na chupa, elimu ya kemia kwa sehemu kubwa ilikuwa ya kusikiliza na kumtazama mwalimu akifanya. Kazi ya mikono ya mwanafunzi ikawa ndiyo elimu, na leo hakuna mwenye kemia anayethubutu kusema maabara ni ya hadhi ya chini. Hatua ninayoiomba ni ya ukoo huo huo.

Na mwanafunzi aliyefanya kazi kwa uaminifu asifelishwe kwa sababu swali la kiwanda halikupata jibu. Akieleza vizuri kwa nini mafuta ya makonyo hayakuongezeka hata baada ya kubadilisha muda wa mvuke, ameiokolea kampuni miaka ya kujaribu jambo lisilozaa. Hilo liandikwe kwenye kanuni za shahada kabla kijana wa kwanza hajapanda basi, ili asije akashawishika kupamba matokeo.

Tuanze na wachache, viwanda vinne au vitano vilivyo tayari, na kila kimoja mwanafunzi mmoja au wawili. Wenye viwanda mliomo humu, ninachowaomba leo si fedha wala saini. Nawaomba karatasi moja. Andikeni swali linalowaamsha usiku, mnalipima vipi sasa, nani analipima, na mmeshajaribu nini kikashindikana. Msilipambe, na msitafute lugha ya kitaalamu. Kama fundi wenu analiita kwa jina la utani, liandikeni jina hilo hilo. Sisi idarani tutalisoma, tutakuja kuliona kwa macho, na tutasema waziwazi kama lina kemia ya kutosha kwa uzamili au kama linahitaji fundi umeme tu. Nitakuwa hapa mbele tukimaliza maswali. Kama yupo aliyekuja na lake tayari kichwani, kalamu na karatasi ninazo, tuketi tuliandike.